Ukurasa Uliofungwa kwa Jina la Mwalimu

Masasi,
Jumapili mchana

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ni mimi niliyeandika kwamba Anastazia ameacha shule. Hapa wote wanadhani ni Mwalimu Chilumba. Naomba uisome barua hii peke yako kwanza, halafu umsomee Mama zile sehemu utakazoona zinafaa.

Habari za Makote? Kifua cha Mama kimepungua, au bado anakohoa tangu mlipopuliza salfa kwenye mikorosho? Hamisi ameanza kutembea? Wenzangu waliotoka Newala wanasema mwaka huu wanunuzi binafsi wanafika hadi mashambani na mizani yao wenyewe. Shemeji awe macho. Mimi ni mzima. Maharage ni yaleyale, maji tunachota mbali, lakini kabati la vitabu limeongezwa rafu moja, kwa hiyo silalamiki.

Unamkumbuka Anastazia? Ni yule rafiki yangu uliyemwona siku ya wazazi, mrefu, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Hana baba wala mama. Anasomeshwa na marafiki wa shule walioko ng'ambo, walewale walioleta kompyuta. Wao hawawezi kuja huku kila mara, kwa hiyo husoma tovuti ya shule, yaani kurasa zetu ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta iliyounganishwa na simu anaweza kuzifungua popote alipo. Ukurasa mmojawapo una orodha mbili: wanafunzi wanaoendelea na walioacha shule.

Mwalimu Chilumba ndiye msimamizi wa kurasa hizo. Mwezi uliopita aliniita nimsaidie kuchapa orodha aliyokuwa ameiandika kwa mkono, kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi. Dada, siku ile nilikuwa nimebakiza kurasa chache za kitabu nilichoazima, na kitabu chenyewe nilikuwa nimekilaza wazi magotini. Nilikuwa nachapa jina moja, nasoma mstari mmoja. Ndivyo jina la Anastazia lilivyoingia kwenye orodha ya walioacha. Sikurudia kuhakiki. Mwalimu aliupandisha ukurasa kwenye tovuti kama ulivyo, maana aliniamini.

Wiki iliyofuata alifiwa na mama yake, akaenda Chiwata. Jumatatu ikaja barua pepe kutoka ng'ambo: wameona Anastazia ameacha shule, wanasikitika, Ijumaa kamati yao itampa mtu mwingine nafasi yake. Mkuu wa shule alijibu haraka kwamba hayo si kweli. Wakaandika tena kwamba wamefurahi kusikia hivyo, ila kamati inafuata orodha iliyo kwenye tovuti, kwa hiyo tuirekebishe kabla ya Ijumaa.

Tukaenda kuirekebisha, tukakuta imefungwa.

Nieleze kidogo. Programu tunayotengenezea kurasa ina utaratibu wake. Ukitaka kurekebisha ukurasa, unauchukua kwanza, kama unavyoazima kitabu maktaba. Panatokea alama ya kufuli na jina lako, na wengine wanaweza kuusoma tu, hawawezi kuubadili. Ukimaliza unaurudisha, kufuli linaondoka. Mwalimu Chilumba, kabla ya kwenda msibani, alizichukua kurasa zote. Alifanya kama mtu anayesafiri anavyofunga ghala la korosho na kuondoka na ufunguo, ili watoto wasichezee. Kila ukurasa ulisema uko kwa Mwalimu Chilumba.

Programu ilikuja na kitabu cha maelekezo. Nilikisoma siku ile chote. Kilisema kurasa zirudishwe kutoka kwenye kompyuta ileile zilikochukuliwa. Kompyuta yake hatukuweza kuifungua. Njia nyingine ni kuingia kwenye seva, yaani kule kurasa zetu zinakokaa, na kukifuta kifaili kidogo kinachokaa kando ya kila ukurasa. Hicho ndicho kufuli lenyewe. Lakini kuingia huko kunataka neno la siri, na alikuwa nalo Mwalimu peke yake.

"Tumuulize," nilisema. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

"Mtu yuko kwenye matanga ya mama yake, wewe umpelekee habari za kompyuta?" alisema Mkuu wa shule. "Hapana. Na huenda ana kazi mle tutakayoiharibu. Tutamwombea Anastazia."

Usiku ule Anastazia alianza kukunja nguo zake. Alikuwa anacheka, eti atakwenda kupanga biashara ya maandazi na mimi nitakuwa mteja wa mkopo. Mimi sikuweza kucheka.

Jumatano walimu walikuwa wanakwenda kuhani, na walitaka wanafunzi wanne. Unanijua, mimi hata kujibu darasani jasho linanitoka. Nilinyoosha mkono.

Kule Chiwata walinipeleka jikoni kwa wanawake. Bibi mmoja, Binti Saidi, mtani wa ukoo wa Mwalimu, alinipa ungo.

"We mtoto, unapepeta mchele au unaupungia kwaheri?" Wakacheka. "Na mbona umenuna hivyo? Aliyekufa mama yako au mama yake?"

Sijui ni kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu alikuwa amemtukana kila mtu pale na hakuna aliyekasirika. Nilimweleza habari ya kufuli, ya Ijumaa, na ya Anastazia. Sikumweleza ni nani aliyekosea.

"Wewe huwezi kumwambia, na mwalimu wako mkubwa hawezi," alisema. "Mimi naweza. Twende."

Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa wanaume, akamvua Mwalimu Chilumba kofia na kuivaa yeye.

"Huyu mwanaume kafunga shule ya watu kule Masasi, funguo kaja nazo kumlilia mama yake! Kofia hii sitoi mpaka afungue. Na marehemu naye alikuwa hivihivi, hata chumvi aliifungia sandukuni!"

Wazee wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, macho yakiwa mekundu. "Binti Saidi, nimefunga nini mimi?"

"Mimi nitajuaje? Muulize mwanao huyu anayetetemeka."

Mkuu wa shule alinitazama kwa jicho kali, lakini neno la mtani lilikwishatoka, na msibani mtani hazuiwi. Nikapiga goti, nikampa pole Mwalimu, nikaeleza.

"Lo! Anastazia?" alisema. "Basi nilikosea mimi. Nilikuandikia orodha vibaya. Wiki ile mama alikuwa mahututi, akili haikuwa yangu. Mniwie radhi."

Dada, hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema tu, "Pole, Mwalimu."

Alinihakikishia kwamba hakuna kazi mpya aliyoiacha, alizichukua tu zisiguswe. Akanitajia neno la siri herufi moja moja. "Nimelisikia," alisema Binti Saidi, "kesho naliuza mnadani," akamrudishia kofia.

Alhamisi asubuhi simu ya ofisini ilikatika mara tatu kabla hatujaingia kwenye seva. Viliorodheshwa vifaili vidogo, kimoja kwa kila ukurasa. Nilikifuta cha ukurasa wa orodha peke yake. Vingine niliviacha kwa heshima yake. Nikaufungua tena, kufuli halikuwepo. Nikauchukua kwa jina langu, nikalihamisha jina la Anastazia, nikahakiki mara nne, nikaurudisha. Ijumaa jioni likaja jibu: anabaki.

Anastazia alinikumbatia mbele ya bweni zima akasema nimemwokoa. Mkuu wa shule alinitaja mstarini, wakanipigia makofi. Tangu hapo silali vizuri. Yule mfiwa amebeba kosa langu, na mimi nimebeba shukrani zisizo zangu.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie Shemeji Baba Hamisi, Bibi mzaa Mama, na Mjomba aliyenipa baiskeli ya kufikia stendi. Mbusu Hamisi.

Jumatatu jioni

Barua sikuifunga jana. Leo baada ya vipindi nilimwita Anastazia nyuma ya bweni nikamwambia yote. Akauliza nilikuwa nasoma kitabu gani. Nikamtajia. Akasema nisimsemeshe kwa leo. Nikaenda ofisini, nikamweleza Mkuu wa shule maneno yaleyale. Alinipa karatasi nimwandikie Mwalimu Chilumba. Nimeandika, nimempa dereva anayekwenda Chiwata, na barua hii nampa wa Newala.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia