Karatasi ya Kukausha Wino

Montbrazac,
Jumapili, 14 Oktoba

Kaka yangu Anselme,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi Paulette. Natumaini goti limepoa na baridi ya Bordeaux haijaanza kukusumbua. Mimi mwili sijambo, ila moyo tangu Alhamisi unanienda mbio.

Najua umekimbilia mwisho kutafuta jina la aliyeandika. Ni mimi, Ghislaine, yuleyule ambaye barua yake ya msiba wa mama uliirudisha, pembeni umeandika kwamba shuleni hukufundishwa kusoma nyayo za kuku. Niliumia, kaka, lakini nilicheka pia, maana ulisema kweli.

Mwandiko huu nimeusomea miezi saba. Nilimpelekea wakili wosia wangu, akaugeuza juu chini, akasema hata mfamasia angeshindwa. Nikamwomba auchape kwa mashine. Akakataa katakata. Wosia wa namna hii huandikwa wote kwa mkono wa mwenye mali, tangu neno la kwanza hadi sahihi, la sivyo ni karatasi ya kufungia jibini.

Basi kila Alhamisi nikawa kwa Bi Maugein, mwalimu mstaafu aliyekaa dawati moja na mama utotoni. Ana miaka themanini na sita na ulimi wa upupu. Alinirudisha kwenye daftari la mistari kama mtoto wa darasa la kwanza: kurasa nzima za vitanzi, herufi zishikane mikono, kalamu isinyanyuke mpaka neno liishe. Nikiikaba kalamu, ananigonga kidole kwa rula. Siku moja aliniuliza mbele ya watu, kwa muuza mikate, kama bado ninachinja karatasi.

Alhamisi iliyopita aliniagiza nilete mwandiko wa mtu ninayempenda, niuige. Nikabeba wosia wa baba. Unaujua, kaka. Ndio ulionipa mimi nyumba na mizabibu, wewe ukapewa msitu wa mawe, baada ya miaka kumi na miwili ya kuipogoa mizabibu ile.

Bi Maugein alivaa miwani, akatabasamu. "Ah, Yvonne wangu huyu! Tazama d zake, kila moja imevaa kofia." Nikamwambia si mama, ni baba. Akacheka mpaka akakohoa. "Félicien? Mtoto wee! Baba yako kuandika jina lake tu alilowanisha shati. Barua zake zote aliandikiwa na mama yako." Kisha akasoma mstari wa juu, akaona ni kitu gani. Akaikunja karatasi, akanirudishia, akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa motoni.

Wakili wa wakati ule aliulinganisha wosia na barua za baba, akaridhika. Kumbe barua zote ni mkono wa mama! Nilirudi nyumbani, nikakaa jikoni na koti mwilini hadi jioni.

Ila kuna zaidi, na hili ni langu. Siku ya pili baada ya kumzika baba, nilimkuta mama akiandika kwenye meza ya jikoni. Alisema anawajibu waliotupa pole. Akaniambia nimkaushie wino. Nilibandika karatasi ya kukaushia, nikaisugua kwa kiganja, maneno yakahamia humo kinyumenyume. Nililiona jina langu. Niliona tarehe ya mwezi wa tatu, na sisi tulikuwa Novemba. Nikajiambia nimeona vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naipenda nyumba hii, na nilijua ukimwoa Paulette mimi nitatoka. Ulipoondoka na sanduku lako nilikupungia mkono dirishani. Kwa miaka thelathini na minne nimejifanya sijui, mpaka yule bibi alipolitaja kwa kicheko.

Keshokutwa nampelekea wakili wosia ule wa baba na kumweleza yote. Atakaloamua nitalikubali, hata kama ni kutoka. Barua hii nimeinakili mara nne, ili pasiwe na neno hata moja utakalosema halikusomeka. Nirudishie ukitaka. Nisamehe ukiweza.

Msalimie wifi, na watoto wenu nisiowajua.

Ni mimi dada yako,
Ghislaine

Nilisahau: ile karatasi ya kukausha wino sikuitupa. Imo humu ndani ya bahasha. Isimamishe mbele ya kioo.