Mdomo Wangu na Kopo la Gati

Kijiji cha Ujamaa,
Nyanungu, Tarime.
Ijumaa, 14 Novemba 1975.

Mpendwa Dada Agustina, Mlamba Mwiko,

Shikamoo dada. Hilo jina halikuachi hata ukizeeka huko Korogwe kwenye mkonge. Hujambo? Shemeji Simioni hajambo? Mguu wake umepona? Karatasi ya kwanza nimeichana, maana nilianza na habari kabla ya salamu, ungeniuliza nimelelewa na nani. Huku tu wazima, mvua zimeanza, Mama anakohoa kidogo tu. Ila mimi sijatulia. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Kifurushi chako kilifika. Nilikifuata mwenyewe posta Bomani kwa baiskeli. Vile vitunda vikavu, vidogo kama njegere, nilitafuna kimoja palepale barabarani. Dada! Uchungu ule ulinifanya nishuke kwenye baiskeli.

Nilikuwa navihitaji kwa ajili ya Gati. Dada yetu huyu ana mimba ya miezi saba, na ukimfunua jicho, ndani ni jeupe kama uji. Vidonge vya damu zahanati vimekwisha, tunangoja gari. Nesi alisema ale mgagani, maharage, dagaa, na maini akiyapata. Nikafungua kitabu cha kikundi chetu cha kusikiliza redio, nimekisoma mara nne peke yangu, kinasema damu inataka madini ya chuma. Na wewe uliandika mkunga wa huko anavisifu vitunda hivi kwa hayo hayo. Nikasema basi, tumepata!

Nikapika mwenyewe. Unajua kwetu mwanaume aliyetahiriwa kuingia jiko la mama yake ni mwiko, kwa hiyo niliweka mafiga nje, nyuma ya ghala. Nikaviloweka kwenye maji ya chumvi kama ulivyoagiza, nikavikausha tena, nikavikaanga kwenye samli mpaka vikafura na kulia pa! pa! Mama amesimama mlangoni, anapika kwa mdomo: "Vinaungua, mura! Geuza!" Nikavitwanga, nikachanganya na dagaa na karanga. Vijana waliopita na ng'ombe wakaniimbia kwamba Athanas ameolewa. Waimbe. Gati alimaliza ugali wote, siku ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nesi alisema aendelee, ila asiache na vingine.

Sasa dada, hapa ndipo nilipoharibu.

Kwenye kikundi nilisimama kueleza. Nilipotaja madini ya chuma, Mama Mogesi, yule jirani yetu mwenye ulimi, akauliza, "Kwa hiyo nikiramba jembe nitapona?" Watu wakacheka mpaka redio haikusikika. Mimi nikapata moto. Nikataka wanielewe upesi, na jina la vitunda vyako sikulijua. Nikasema, "Hivi ni ndulele tu, ila ndulele za kula."

Walisikia ndulele. Hayo ya kula yalibaki kwangu.

Jumanne nimemkuta Gati mwenyewe, na tumbo lake lile, anachuma ndulele kwenye njia ya ng'ombe. Za miiba, zile za manjano, zilizomlaza mbuzi wa Baba akatoa mapovu! Nililipiga teke kapu lote. Nikauliza amepatwa na nini. Akasema, "Si umesema?" Kopo la Kimbo lililobaki na vitunda vyako lilikuwa limefika nusu, akaona ajiongezee.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengi wamemwaga, wengine wamenicheka. Mama Mogesi hamwagi. Amezianika ungo mzima, za mjukuu wake Waitara, kale katoto kanakokula udongo, macho meupe kama ya Gati. Nikamwambia ni sumu. Akaendelea kuzigeuza kwenye ungo.

"Jumapili iliyopita dawa, leo sumu. Dada yako ameshiba, eh?"

"Mama, hizi si zile."

"Kama si zile, lete hilo kopo kwenye mkutano, tuzione, tugawane. Huu ni ujamaa au siyo?"

Anadhani nafanya uchoyo. Na mimi ningekuwa yeye ningedhani hivyohivyo.

Mkutano ni kesho asubuhi. Ndulele zake zitakuwa zimekauka keshokutwa. Nimekwenda kwa Gati kuomba kopo. Analala nalo chini ya mto. Nikamwambia nitalionyesha tu, nitalirudisha. Akasema, "Ukilipeleka kule halirudi, unajua." Najua. Likigawanywa nyumba kumi na nne, kila mtu atapata vya kujaza kiganja, na yeye atabaki na mgagani na miezi miwili ya kungoja. Nikamwambia kuhusu yule mtoto, Waitara. Halafu akasema, "Mdomo ulikuwa wako, Athanas. Kopo ni langu."

Tafadhali tuma vingine, hata kiganja, na uniandikie huko mnaviita jina gani, ili siku nyingine nisikope jina la kitu kingine.

Wasalimie Shemeji, Veronika na wale mapacha, na huyo mkunga mpe asante yangu bila kumwambia nilichofanya. Mama anasema Mungu awalinde, na mikono yenu isikatwe na mkonge.

Barua hii itakufika mambo yamekwisha, najua. Nauliza hivyohivyo, maana sina mwingine wa kumuuliza. Gati ameniachia mlango wazi, na kopo amelitoa chini ya mto, ameliweka juu ya kinu. Hajanipa. Hajanikataza. Mlamba Mwiko, ungekuwa mimi, kesho ungeingia kwenye mkutano na nini mkononi?

Mdogo wako akupendaye, mwenye mdomo mrefu,
Athanas