Ndege ya Marzhan Inapinduka Mafuta Yakipungua

Mpendwa mshauri Kulyash, naomba msaada wako, mimi ni fundi wa mabasi mstaafu hapa mjini Zhezkazgan, na jambo hili nikiwaambia wenzangu watanicheka, maana linahusu mchezo wa kompyuta, ule wa kuunda vyombo vya anga na kuvirusha kwenye sayari za kubuni, ambao binti yangu Marzhan alinifundisha mama yake alipofariki, ikawa kila tukimaliza chai tunakaa pamoja, mimi naunda vigari vya kutembea mwezini, yeye ndege, na kigari changu kikibiringika kwenye kona ananitania, "Baba, hicho ni kigari au ngamia mlevi? Tanua magurudumu, betri ziweke chini," nami nikifanya hivyo kinatulia.

Mwaka jana ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, na siku moja ndege yake mpya ikapinduka mara ya tano, nami, sijui nilipatwa na nini, nikamwambia, "Ndege zako kama ndoa yako, zinapaa vizuri kisha chali."

Alizima kompyuta, na baada ya wiki mbili akaenda Korea kufanya kazi kiwandani, na tangu hapo ananiandikia "nimekula baba", "nimelala salama", basi. Miezi saba nairusha ndege ile, rubani wake amempa jina langu, na sasa kasoro nimeiona: matangi yote yako puani, mafuta yakipungua uzito unahamia nyuma ya mabawa, pua inainuka, inapinduka. Nikiyasogeza mabawa nyuma kidogo itatulia, ni kazi ya dakika mbili, lakini mkono unakataa, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichokiunda humu ndani, na nikikigusa kitakuwa changu. Niirekebishe nimtumie afurahi, au niiache?

Orazbek

JIBU

Orazbek, pole. Nyumba iliyokuwa na vicheko ikinyamaza, inaumiza.

Lakini nitakusema. Umeandika barua nzima juu ya mabawa, na neno "samahani" sijaliona. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nawe ulijikwaa pale palipokuwa na kidonda. Kosa la ndege limekuchukua miezi saba. Kosa lako ulilijua siku ile ile.

Ukimtumia ndege iliyonyooshwa ataona nini? Kwamba baba bado anamsahihisha. Usiiguse.

Mpigie Jumapili, siku asiyokwenda kiwandani, na usianze na hali ya hewa. Sema, "Mwanangu, nilikuumiza, nilikosea, na nina hamu nawe." Usieleze kwa nini ulisema vile. Akiulizia ndege, mwambie iko kama alivyoiacha, na kasoro usiitaje mpaka akuombe. Huenda anaijua. Huenda mchezo wenyewe hautaki tena, na hilo utalimeza.

Akinyamaza, usikate simu wala usijaze kimya kwa maneno. Kaa naye hapo hapo mpaka aseme yeye.