Sura Iliyozuiwa Mtandaoni

Mdogo wangu Zongrui,

Natumaini huko ughaibuni, Prato, kiwandani mnaendelea vyema. Hapa nyumbani Wenzhou machungwa yameiva, na shangazi bado anagombana na jirani kwa sababu ya kuku. Barua hii nampa binamu anayesafiri, maana kwenye simu siwezi kusema yote.

Ulipotuma mtandaoni ile picha ya samaki waliokufa mtoni kwetu, wakubwa wa serikali waliifunga akaunti yako, ile uliyompigia baba simu za video. Mitandao ya huko kwenu nayo imezuiwa, hapa haifunguki. Na masikio ya baba yalikwisha kufa, simu ya kawaida haikumfaa. Alizoea kusoma midomo yako kwenye kioo cha simu kila Jumapili.

Nilikwenda ofisi ya mtaa kwa Bwana Ke, kuomba akaunti yako ifunguliwe. Akatabasamu.

"Dada, mtandao nao una mipaka yake, kama nchi."

"Na mzee anayekata roho akiomba kumwona mwanawe, anavunja mpaka gani?"

"Nenda nyumbani, dada. Usinitafutie balaa."

Baba akawa ananiuliza, "Mbona Zongrui haonekani? Ameshatajirika, ametusahau?" Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba una kazi nyingi. Akageukia ukutani. "Kumbe nimelea nyoka," akasema. Hakulitaja tena jina lako mpaka tukamzika.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Mzee yule aliiamini serikali yake tangu ujana. Ilibidi afe na kinyongo juu ya mmoja wenu, wewe au serikali, nami nikamchagulia wewe.

Dada yako,
Suqiong