Chama Kilichoimba Bila Kushika Jembe

Mdogo wangu mpenzi Anaeli,

Mama mmoja anayeuza mboga sokoni Maji ya Chai ameniambia alikuona Momela, kwenye shamba la Mzungu unakofanya kazi. Akasema, "Hajagusa pombe tangu afike kule. Ila kurudi nyumbani anaogopa." Nilifurahi hadi nikasahau kumalizia kununua vitunguu. Nimeiandika barua hii wazi, isomwe na kanisani pia, kwa sababu wapo wanaohitaji kuisikia kuliko wewe.

Huwezi kukumbuka mama alipokuwa akichuja pombe ya ndizi. Mimi nilikubeba mgongoni, na wewe ulinyoosha mkono kuomba machicha. Ukapewa, ukanyonya, watu wazima wakacheka: "Huyu mwanaume!" Hukuwa hata na meno ya kutosha. Ndiyo maana nawaka wanaposema ulevi uliuchagua mwenyewe.

Na ulipojiunga na Chama cha Kiasi, kile cha kanisani cha walioacha pombe, nilikuwa nyuma yako. Sitakisema vibaya kwa jambo lisilo lake. Siku zile mikono ilipokutetemeka usiweze kushika kikombe cha uji, wenzako walikaa nawe mchana kutwa, wakikulisha kama mtoto. Kila Alhamisi mlisimama mmoja mmoja mkaulizana, "Umeshindaje wiki hii?" Uliniambia, "Dada, kule hakuna anayenicheka." Nilikuona ukinenepa. Ukarudi kuwa yule Anaeli anayeimba sauti ya nne na kukosea kwa furaha.

Kisha mvua zikaja, majani yakameza kahawa yako. Sote tunajua desturi yetu huku mlimani: ukialika majirani wapalilie, unawapikia pombe. Ulikwenda kwao ukawaomba waje bila pombe. Wakakujibu, "Tulime midomo mikavu? Umeokoka wewe, sisi bado!" Ukavumilia hadi majani yakafika magotini, halafu mkeo Elirehema akapika pombe. Ilipoiva, ukatakiwa kufanya lile ambalo kila mwenye nyumba hulifanya: kuonja kwanza, wageni waone kwamba ni salama. Ukaonja mbele ya watu. Jioni ile hukuweza kusimama.

Alhamisi iliyofuata walikutoa chamani. Nilimfuata Mwalimu Elifasi, mwenyekiti wao, nikamwuliza, "Anaeli alipokuwa anatafuta watu wa kupalilia, chama kilikuwa wapi?"

"Mama Elia, hiki ni chama cha sala, si cha majembe. Mwenye imani kinamtosha."

"Kinamtosha Alhamisi. Na Jumamosi, siku ya shamba?"

Na wewe kulipokucha ulikuwa umekwisha kuondoka.

Anaeli, nimesoma vitabu vingi na nimebishana na wachungaji, machifu, hata Bwana Shauri wa serikali alipokuja barazani kutuhubiria juu ya ulevi. Wote wanapenda kumhesabu mlevi kama mtu aliye peke yake, yeye na chupa yake, kana kwamba hana shamba, hana mahari ya kulipa, hana msiba wa kuhudhuria. Huku kwetu pombe ndiyo ujira wa kazi, ndiyo salamu ya wakwe, ndiyo baraka ya wazee. Mtu ataiachaje kwa nyimbo tu, ikiwa akitoka kwenye nyimbo kahawa yake inamsubiri na hakuna wa kumsaidia? Wenzako walikushika mkono, na hilo ni jambo kubwa. Lakini walikuachilia pale pale njia ilipokuwa na utelezi.

Nikayasema hayo kanisani, mbele ya watu. Wengine waliondoka wamenuna. Wengine walibaki. Sasa wanachama wanalimiana kwa zamu, na shamba la kwanza lilikuwa lako. Hata Mwalimu Elifasi alikuja na jembe, hana anachokijua, anakwangua udongo kama kuku. Elirehema alipika loshoro chungu kizima, mahindi na ndizi kwa maziwa ya mgando. Majirani wakavutwa na harufu, nao wakaja na majembe yao.

"Loshoro hailevyi, dada," mmoja akanichokoza.

"Ndiyo maana leo hujakata mche hata mmoja wa kahawa," nikamjibu. Alicheka kuliko wote.

Lile pipa lako la pombe Elirehema amelisugua kwa majivu. Mavuno yakifika tutaloweka humo kahawa iliyomenywa, iachie utelezi wake kabla ya kuoshwa.

Sisemi kwamba ukirudi yamekwisha. Hamu itakujia, na Alhamisi utaihitaji kama zamani. Mwalimu mwenyewe amesema kiti chako kipo. Ila kuna jambo moja sikuweza kulipigania kwa maneno. Siku ile ya kupalilia, loshoro ilipoletwa, watu walikaa, bakuli mkononi, hakuna aliyekula. Nikashangaa. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mwenye nyumba yuko wapi, aonje kwanza?"

Kila mtu akanitazama mimi, mimi nisiyekosa jibu. Elirehema akaonja badala yako, machozi yakimtoka.

Kahawa imeanza kuwa nyekundu, Anaeli. Tutachuma kwako, na loshoro itapikwa. Safari hii hatutakula mpaka uonje.

Ni mimi, dada yako aliyekubeba mgongoni, na mgongo bado upo.