Gongo la Bibi Zuwena

Nizwa, Jumamosi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia na nimeipokea kwa mikono miwili. Mimi mzima, ni mafua tu ya baridi ya huku, ambayo hakuna aliyeniambia kwamba ipo. Goti la Mama linaendeleaje? Asiiname kufua, wewe upo.

Umeniandikia kwamba mwalimu anataka uchague: ukiwa mrushaji wa timu ya besiboli, kupiga uwaachie wenzako, mkono usichoke. Nawe umeshakubali kimoyomoyo, nakujua. Usimjibu kwanza. Soma haya.

Kazi huku ni nyingi. Ijumaa ni siku ya wageni, na yale masinia ya wali hunitoa machozi nikiyaosha, maana ndiyo saa ninayowakumbuka. Lakini mwenye nyumba, Bibi Zuwena, ni mtu wa Unguja ya zamani, Kiswahili chake kitamu mpaka unatamani akugombeze. Mjukuu wake Salim amerudi kutoka masomoni Amerika na wazimu wa besiboli. Jana ukoo mzima tulikwenda shambani kwao Manah, Salim akagawa timu mbili pale walipokwisha kuvuna majani ya mbuzi. Vituo vya kukimbilia vilikuwa kobazi, birika la kahawa na gunia la vitunguu. Bibi alikaa kitini, yeye ndiye nahodha wetu.

Nikasema shuleni nilikuwa mrushaji. Bibi akafurahi. "Na gongo, mwanangu, unalijua?"

Mwanaidi, moyo ulinilipuka! Bibi huyu tasbihi haimtoki mkononi. Nikadhani ananipima. Nikajibu mbio, "Astaghfirullah, Bibi! Sijaligusa wala sijalionja tangu nizaliwe!"

"Kulionja?" Akanitazama sana. "Haya, basi wewe urushe tu."

Nikarusha. Salim mwenyewe alipiga hewa mpaka shangazi zake wakapiga vigelegele. Lakini zamu yangu ya kupiga ikifika, mkwe wa Bibi ndiye aliyenipigia, naye mpira haukumjua kabisa. Mikono iliniwasha. Nikaona labda ndiyo kanuni ya huku.

Mwisho wa mchezo tulikuwa nyuma kwa bao moja, na mwenzetu mmoja amesimama kwenye gunia la vitunguu. Zamu ikawa yangu, na mkwe wa Bibi akasema amechoka.

"Lete hilo gongo, nitapiga mwenyewe!" Bibi akapaza sauti, akinyoosha kidole kwenye kile kipande cha mti cha Salim.

Kumbe! Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Bibi, gongo ndilo hilo? Sisi twaita beti. Kwetu gongo ni pombe!"

Bibi akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika. "Ewe mtoto! Mimi nikuulize pombe, tena Ijumaa? Haya, lishike ukapige mwenyewe."

Salim akapinga kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "La, Bibi. Mrushaji yeye hapigi, mwingine anampigia. Amerika kanuni iko hivi."

"Na huko Amerika hakuna aliyeyaweza yote mawili?"

Akakuna kichwa. "Wapo. Wachache. Watu anajaza uwanja kuwatazama."

"Khalas. Mpeni Rehema gongo lake!"

Mpira wa kwanza niliuacha. Wa pili niliupiga, ukavuka mfereji wa falaji, ukapotelea mitendeni. Mwenzangu akaingia, nami nyuma yake mbio, birika nimeliangusha, kahawa imemwagika yote. Tulishinda! Bibi alisimama akanikumbatia mbele ya ukoo mzima. Nilifurahi, mdogo wangu, kama sijafurahi tangu nitoke Muheza. Nilisahau kabisa kwamba mimi ni mtu wa masinia.

Leo bega linauma kidogo, sikudanganyi, lakini nafua huku naimba. Kwa hiyo usiache kupiga. Kama mkono utachoka, upumzishe, kisha urudi.

Nisalimie Mama, na mjomba Athumani fundi baiskeli, na shangazi Mwajuma wa vitumbua, umwambie vya huku havina mkono wake.

Na Jumatatu nenda kwa mwalimu, simama wima, umwambie hivi: "Dada amesema nipewe gongo." Mwache ashtuke kwanza. Kisha mwoneshe beti.

Dada yako, mrushaji na mpigaji wa Bibi Zuwena,

Rehema