Kwa Fanuel Oloo, Aliyeshinda Mechi Themanini na Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu Agosti ile ya 1956 ulipotutoka hapa Voi, na vumbi jekundu la kiwanja bado limo kwenye soli za viatu vyako. Hatujavipangusa.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa mpira. Miaka kumi na moja kilabu ilikulipa uwafundishe mabwana wakubwa tenisi, na kwa kuwa ulilipwa, ulikatazwa kugombea kikombe chao. Jina lako halikuandikwa kwenye ubao wa washindi hata siku moja. Ulicheza na wenzako wa kulipwa, na kumbukumbu ukajiwekea nyumbani: utumbo wa raketi kuukuu, ile kamba ya wavu wake, ulioutundika ukutani, kila ushindi fundo moja. “Nikishindwa,” ulisema, “nitafunga uzi mwekundu.” Tulicheka sana.

Kesho yake baada ya mazishi, Kituku wa Mghange, uliyemshinda mara kumi na nne, alisema mbele ya waombolezaji: “Mzee nilimwangusha mara moja, mwezi wa Juni. Asubuhi, tukiwa wawili tu.”

“Wawili tu!” akadakia baba mdogo Okoth. “Na shahidi wako tumemzika jana. Kweli unajua kuchagua mashahidi! Chukua kofia yako, bwana. Mlima wenu wa Mghange haujahama.”

Lakini usiku wa mazishi Kituku alikuwa amelala chumba kile kile chenye utumbo. Tulipoliondoa koti lako lililoufunika, uzi mwekundu ulikuwepo, baada ya fundo la themanini na tatu; tukasema kaufunga yeye usiku.

Mwanao Awiti aliusogelea ule uzi. Unamjua, huangalia kwanza. Aliukata uzi bila kulifungua fundo, akauficha kwenye mkebe wa majani ya chai uwe ushahidi. Mwaka mzima alimtazama Kituku akipita stesheni na raketi zake. Akimwona anacheka na watu, alijua anayechekwa ni nani. Akipewa mkono, aliviangalia vidole: vipi ndivyo vilivyofunga? Sukari aliyotuletea Krismasi hatukuigusa, mpaka sisimizi wakaimaliza.

Wiki hii Mama aliuomba ule uzi. Aliugeuza mlangoni penye mwanga.

“Awiti, fundo hili limepindia wapi?”

“Kushoto.”

“Na Kituku hutumia mkono gani?”

“Wa kulia, Mama. Si nimemchunga mwaka mzima?”

“Basi nani humu ndani alikuwa akifunga hata kamba za viatu kinyume?”

Awiti akaenda ukutani, akayapitia mafundo yako moja moja kwa kidole. Yote yamepindia kushoto. Ulikuwa umeufunga mwenyewe, Baba, kifua kikiwa kimeshaanza kukubana, ukatundika koti juu yake na hukumwambia mtu. Nasi hatukuwahi kulisogeza koti lako ungali hai.

Uzi umerudi mahali pake. Wanaosoma hapa na wajue: ulishinda themanini na tatu, ukashindwa moja, na aliyekushinda ni Kituku. Alisema kweli, tukamfukuza matangani. Jumapili tutamwomba radhi, na safari hii sukari ni yetu.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ajiambo, mwanao Awiti, na nduguyo Okoth, ambaye ndiye atakayemfungulia Kituku mlango.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Mechi zote themanini na nne.